Satelaiti ya Kopo la Maziwa

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na saba, nikisoma Institut Tujenge pale Kindu, na nilikuwa na ujuzi mmoja ambao wenzangu hawakuwa nao: nilijua kupiga morse. Baba yangu, mzee Sumaili, alikuwa mpiga telegramu wa gare ya treni, pale reli inapoishia ukingoni mwa mto Lualaba. Hakujaliwa mtoto wa kiume na hakulalamika. Nilipofika miaka minane aliniketisha mbele ya mashine yake akanifundisha nukta na mistari, pamoja na sura fupi za Kurani, vyote kwa fimbo ileile.

Mambo ya satelaiti yaliletwa na profesa wetu wa fizikia, Citoyen Okito, maana siku zile kila mtu aliitwa Citoyen, mwananchi. Zamani aliitwa Félicien, lakini chama tawala kilikuwa kimepiga marufuku majina ya Kikristo, na yeye alilitii agizo hilo siku zote isipokuwa alipojigonga nyundo kidoleni. Hapo alijiita Félicien kwa sauti kubwa, pamoja na majina mengine ambayo padri hakumbatiza.

Siku moja aliingia darasani na gazeti kuukuu lililofungiwa samaki, akatusomea kwamba kule kusini, mkoani Shaba, Wazungu wanarusha maroketi angani.

“Sasa niulize,” akasema, akikunja gazeti. “Ile roketi inapanda na nini ndani?”

Akapiga meza kwa gazeti hilo.

“Hapana kitu! Inapanda tupu na inarudi tupu. Hata lori la Kailo halifanyi hivyo, linatafuta abiria. Sisi tutawapa kitu cha kubeba.”

Jioni ileile aliandika barua kwenda Shaba, akieleza kwamba wanafunzi wa Kindu wanatengeneza satelaiti ndogo na wanaomba nafasi. Kisha akachagua watu watatu. Wa kwanza alikuwa Abedi, kijana mrefu mpole aliyetengeneza redio kwenye kibanda cha mjomba wake karibu na soko kubwa. Wa pili alikuwa Feza, msichana wa Punia aliyebatizwa Euphrasie, bingwa wa hesabu, mwenye uso mtulivu kiasi kwamba hakuna mkubwa aliyewahi kumshuku kwa lolote. Wa tatu nilikuwa mimi, kwa sababu satelaiti isiyosema kitu, alisema profesa, ni kopo tu.

Na kweli lilikuwa kopo. Kopo kubwa la maziwa ya unga tuliloombwa tulirudishe likimaliza kuruka. Ndani Abedi alipanga vipande vya redio tatu zilizokufa, batri, na waya mmoja mrefu uliotoka chini kama mkia wa panya. Tuliliita Kimulimuli. Kazi yangu ilikuwa sauti yake. Tulichukua saa ya mezani, na kwenye kile kijiti kinachozungusha mshale wa sekunde nikafunga gurudumu dogo la shaba nililolikata mwenyewe kutoka sufuria iliyotoboka. Ukingo wa gurudumu niliuchonga kwa tupa: jino fupi ni nukta, jino refu ni mstari. Gurudumu likizunguka, meno yanagusa kijiwaya, na kila kinapoguswa redio inalia. Ti, taa, ti, ti. Kwa dakika moja linamaliza mzunguko na kuanza upya. Abedi alipoliwasha mara ya kwanza, na redio ya mjomba wake ng'ambo ya barabara ikalia ti-ti-taa katikati ya habari za michezo, tulikumbatiana kama watu waliookoka ajali.

Barua ya Shaba haikujibiwa. Tulingoja Septemba yote. Profesa Okito alikwenda posta kila Ijumaa na kurudi akiwa mfupi kidogo kuliko alivyokwenda. Nadhani tungeliweka kopo letu rafuni na kulisahau, kama si Citoyen Wabenga.

Huyu Wabenga alikuwa mkuu wa vijana wa chama. Alivaa abakosti, ile suti ya chama isiyo na tai, iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, na alikuwa na tabia ya kusikia nusu ya habari na kutangaza habari nzima na nusu. Alisikia kwamba wanafunzi wana satelaiti. Hakusikia kwamba haina roketi. Kabla hatujajua kitu, alikuwa amekwisha kuandikia wakubwa wake Bukavu kwamba tarehe 24 Novemba, sikukuu ya utawala, Kindu itarusha satelaiti ya chama mbele ya wananchi wote.

Alikuja darasani kutupa habari hiyo kama zawadi.

“Itasema nini ikiwa huko juu?” aliuliza.

“Ti-ti-taa, Citoyen,” akajibu Abedi kwa ukweli wake.

“Hapana. Itasema MPR. Herufi tatu za chama. Mutoto wa Kindu, mutoto wa Bukavu, hata Mumarekani, wote wasikie MPR inatoka mbinguni.”

Alipoondoka, profesa Okito alikaa juu ya meza akashika kichwa. “Roketi nitaitoa wapi? Nitairusha kwa manati?”

Ni Feza aliyemkumbusha Hamisi. Hamisi alikuwa mpimaji wa hali ya hewa pale uwanja wa ndege, mtu mkavu mwenye miwani, ambaye mara kwa mara alijaza puto kubwa la mpira kwa gesi na kuliachia ili ajue upepo wa juu unaelekea wapi. Tulimwendea kwa baiskeli mbili. Alisikiliza hadi mwisho, akasema amebakiwa na maputo manne, serikali haijaleta mengine, na kwa nini ampe mtu moja?

“Redio yako inafanya kazi?” akauliza Abedi.

“Imekufa tangu Pasaka.”

Abedi akavua kofia, akaomba bisibisi. Saa moja baadaye Hamisi alikuwa anasikiliza muziki wa Kinshasa akitikisa mguu, na sisi tulikuwa na puto.

“Lakini puto si roketi,” nilimwambia profesa tulipokuwa tunarudi.

“Mwavita, kitu kinachopanda na kusema kinatosha kwa kuanzia. Wabenga hajui tofauti. Na wewe hutamwambia.”

Basi nilichonga gurudumu la MPR. Taa taa, ti taa taa ti, ti taa ti. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Na hapo ndipo ingekwisha, lau si mambo ya matela.

Nieleze. Mwezi wa tisa treni ilileta matela arobaini mpya, magodoro mazuri ya mistari ya buluu, kwa ajili ya internati, bweni la wasichana wa shule yetu. Niliyaona kwa macho yangu yakishushwa gare. Yaliingia kwenye ghala la ekonomu, mtunza mali wa shule, Citoyen Mutambala, na kutoka hapo hakuna msichana aliyeyalalia. Feza, aliyelala internati kwa kuwa Punia ni mbali na barabara yake ni matope, alilala juu ya gunia la majani makavu. Kila asubuhi alifika darasani na alama za gunia shavuni. Wasichana walipouliza, ekonomu alijibu, “Matela ziko njiani.” Njiani wapi? Siku moja dada wa Feza, aliyeshuka kutoka Punia, alivuka mto kwenda ng'ambo kuuza mihogo, akaona ukutani mwa Hoteli Raha matela zimeanikwa juani, safu nzima, mistari ya buluu. Hoteli Raha ilikuwa ya shemeji wa ekonomu, Mama Claudine, ambaye wote walimwita hivyo, marufuku au si marufuku.

Tulikuwa tumejua hayo kwa wiki tatu bila kufanya lolote, kwa sababu ungemshtaki ekonomu kwa nani? Prefe, mkuu wa shule, alikula naye kila Jumapili. Wabenga alimwita ndugu.

Siku nne kabla ya sikukuu, Wabenga alirudi darasani na ekonomu Mutambala nyuma yake, mnene, anayetabasamu, akinukia marashi.

“Citoyen Mutambala njo mwenyekiti wa kamati ya kurusha,” Wabenga akatutangazia. “Yeye njo atawasha satelaiti kwa mukono wake mbele ya watu.”

Ekonomu akakichukua Kimulimuli, akakigeuza-geuza. “Kidogo hivi?” akasema. “Na hawa mabinti wanajua kitu kweli? Feza, wewe shavu limefanya nini? Unalala juu ya njugu?”

Akacheka. Wabenga naye akacheka. Feza akatabasamu kwa adabu, akasema, “Nalala vizuri, Citoyen, asante.”

Walipotoka alinigeukia. Uso wake ulikuwa uleule mtulivu, ila macho yalikuwa yanawaka.

“Mwavita, ile sufuria ya shaba iko ingine?”

“Iko kipande.”

“Chonga gurudumu la pili.”

Hatukumwambia profesa. Abedi tulimwambia, kwa sababu ni yeye aliyefunga kopo. Aliuliza kama tutafungwa jela, Feza akasema labda, naye akasema basi ahakikishe batri ni nzima, ni upuuzi kufungwa kwa kitu kisichosikika. Nilichonga siku mbili. Gurudumu lilikuwa dogo na maneno yalikuwa mengi, vidole vikapata malengelenge. Liliandika hivi: MATELA ZETU ZIKO HOTELI RAHA.

Tarehe 24 uwanja wa mpira ulijaa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na sasa jua lilikuwa linavukisha majani. Kina mama wa chama walicheza na kuimba, wanafunzi walipanga mistari, na katikati ya uwanja Hamisi alikuwa anajaza puto lake, ambalo lilikuwa linavimba jeupe kuliko kitu chochote Kindu. Wabenga alisogea karibu ajionyeshe, sigara mdomoni.

“Zima sigara!” Hamisi akapiga kelele. “Zima, wewe! Unataka kutuchoma wote?”

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Wabenga “wewe” mbele ya watu elfu mbili. Alizima sigara kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe, mguu mmoja hewani, na mimi nikajua kwamba siku ile kitu chochote kinawezekana.

Alitoa hotuba. Alieleza kwamba kuna mataifa matatu tu yenye akili ya kurusha satelaiti, na la nne limekusanyika mbele yake. Akamaliza kwa wito wa chama: “Kutumikia?” Uwanja ukajibu, “Ndiyo!” “Kujitumikia?” “Hapana!” Ekonomu Mutambala alijibu kwa sauti kuliko wote.

Kisha akaitwa. Alijifuta jasho, akaingiza vidole vyake vinene kwenye tundu la kopo, akabonyeza swichi. Hamisi akaachia kamba. Kimulimuli kikanyakuliwa kutoka ardhini kwa haraka sana hata watu wakasema “Oooh!” kwa pamoja, kikapanda, mkia wake wa waya ukiyumba, juu ya mitende, juu ya minara ya kanisa, hadi puto likawa kama punje ya mchele. Nililia kidogo. Sikutarajia. Tulikuwa tumekitengeneza kwa vitu vilivyokufa, na sasa kilikuwa kinapanda.

Abedi akawasha redio iliyounganishwa na vipaza sauti. Taa taa. Ti taa. Taa. Ti.

“Munasikia?” Wabenga akanguruma. “Inasema MPR!”

Vigelegele vikapasuka. Sauti ikaendelea. Ikaendelea tena. Wabenga akainamisha kichwa, uso ukaanza kukunjamana. Akamwita Feza kwa kidole.

“Hii MPR gani ndefu hivi?”

“Citoyen,” akasema Feza bila kupepesa, “baada ya MPR tumeongeza Kutumikia Ndiyo, Kujitumikia Hapana. Tulitaka iwe mshangao.”

Wabenga aliguswa moyo, nilimwona. Aligeukia watu akaamuru, “Wote wima! Mukono kifuani!” Na watu elfu mbili wakasimama wima, mkono kifuani, Wabenga, prefe, na ekonomu Mutambala katikati yao amefumba macho kwa heshima, huku mbingu ikirudia, kila dakika, mahali yalipo magodoro aliyoiba.

Upande wa kushoto waliketi wazee wa reli, mafundi na wapiga telegramu wastaafu. Mmoja alianza kukohoa. Wa pili akajifunika uso kwa kofia. Mabega ya safu nzima yakaanza kutikisika. Profesa Okito, aliyekuwa karibu nao, alimwinamia mzee mmoja kumuuliza kuna nini, na mzee akamnong'oneza. Nilimwona profesa akigeuka polepole, akitutafuta kwa macho. Alinipata. Midomo yake ikasema bila sauti, “Félicien, Félicien,” na majina yale mengine.

Nilikimbia gare. Sijui kwa nini, nadhani nilitaka nimwambie baba mwenyewe kabla mtu mwingine hajamwambia, maana yeye alikuwa zamu. Lakini nilipofika alikuwa anatoka mlangoni, kofia ya kazi kichwani, karatasi mkononi.

“Chukua kitabu cha saini,” akaniambia. “Tunavuka.”

Alingoja mpaka tulipokuwa kwenye mtumbwi, katikati ya Lualaba, mahali ambapo mtoto hawezi kukimbia.

“Mwavita.”

“Baba.”

“Stesheni ya Kibombo wamenipigia. Walisikia ujumbe kwenye redio yao, wanauliza matewa ni nini.”

Nikatazama maji.

“Niliwajibu ni matela. Wakauliza hotewi ni nini. Nikawajibu ni hoteli.” Alikohoa. “Kwa njia yote ya reli, toka hapa mpaka Kalemie, najua muntu mumoja tu anayeshikanisha nukta mbili za mwisho za L. Inakuwa W. Miaka tisa nakuambia.”

“Baba, gurudumu lilikuwa dogo, tupa nayo ilikuwa...”

“Tupa! Nukta, mustari, nukta, nukta. Iko kazi gani hapo?”

“Nisamehe, baba. Na yale mambo ya matela je?”

Alinyoosha mgongo. “Mimi ni mupiga telegramu. Mambo ya ndani ya telegramu si yangu. Lakini telegramu isiyo na jina la mupokezi inapelekwa mahali panapotajwa ndani yake. Hiyo njo sheria.”

Miaka mingi baadaye nilikitafuta kitabu cha sheria za telegrafu nikakisoma chote. Sheria hiyo haimo.

Mama Claudine alikuwa uani mwa hoteli yake anahesabu chupa tupu. Alipoona kofia ya baba alisimama. Baba alimsalimu kwa adabu zote, akauliza hali ya watoto, kisha akampa karatasi yenye mhuri. Mama Claudine alisoma akisogeza midomo. Akasoma tena. Nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliona kitanda, na juu yake mistari ya buluu.

“Mzee Sumaili, hii inatoka wapi?”

“Juu,” akasema baba.

“Juu wapi? Kwa commissaire wa mji?”

“Juu zaidi.”

“Bukavu?”

“Zaidi.”

Mama Claudine akageuka kutazama mlango nyuma yake. “Kinshasa?”

Baba alifikiri, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema uongo. “Kupita Kinshasa,” akasema. “Mbali sana. Weka saini hapa.”

Aliweka saini ambayo hata leo huwezi kuisoma.

Asubuhi yake, kabla ya saa tatu, watu wa soko la samaki walianza kuitana. Mitumbwi ilikuwa inavuka Lualaba kutoka ng'ambo, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa umebeba mlima wa matela, na juu ya kila mlima alikaa mtumishi wa Hoteli Raha ameshika kamba. Mji mzima ulishuka ukingoni. Internati yote ilitoroka shule. Ekonomu Mutambala alifika akikimbia, shati limefungwa vibaya.

“Zilikuwa zinaanikwa!” aliwaambia watu. “Zilikuwa na unyevu! Nilizipeleka juani!”

“Jua la upande huu lina kasoro gani?” akauliza mama mmoja muuza samaki, na ukingo wote ukaangua kicheko.

Kicheko kilikatika Wabenga alipofika. Usiku ule mtu wa reli alikuwa amekwisha kumweleza alichopigia saluti, na hilo lilionekana wazi usoni pake. Alitazama matela, akatazama watu, akatutazama sisi watatu. Nilihisi mkono wa Abedi unatafuta wangu. Mtu yule alikuwa na uwezo wa kutufukuza shule, kumfukuza profesa, na mengine ambayo hatukuyataja hata kwa kunong'ona. Lakini ili atuadhibu ilibidi aseme mbele ya watu kwamba alisimama wima, mkono kifuani, kwa ajili ya godoro.

Feza alipiga hatua mbele.

“Citoyen,” akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, “satelaiti ya chama imefanya kazi. Imepanda juu, imetazama chini, imeona.”

Wabenga alimkodolea macho. Niliona neno lile likiingia sikioni mwake, likitafuta mahali pa kukaa, likipata.

“Imeona,” akarudia polepole. Kisha akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa. “Imeona! Wananchi, munaona sasa kazi ya chama? Chama kina jicho mbinguni! Linaona mpaka ndani ya nyumba! Kutumikia?”

“Ndiyo!”

“Kujitumikia?” Akamnyooshea ekonomu kidole, na ilibidi ekonomu ajibu peke yake, kwa sauti ambayo hata samaki hawakuisikia, “Hapana.”

Halafu Wabenga akaamuru matela zipelekwe shule mara moja, na mwenyekiti wa kamati aonyeshe mfano. Ekonomu Mutambala alibeba matela mbili kichwani toka mtoni mpaka internati, mlima ule wote, Feza akitembea kando yake na kumwambia kwa upole mahali penye mashimo. Mwezi uliofuata alihamishiwa Punia. Feza alimwandikia mama yake afunge mlango.

Sikukuu ya Noeli ilipokaribia, Kindu ilikuwa mji wa ajabu. Mifuko ya saruji ya zahanati, iliyopotea tangu mwaka jana, ilikutwa imepangwa mlangoni pa zahanati. Mtu fulani alirudisha kengele ya shule ya msingi. Jirani yetu alileta jembe la baba, akasema alikuwa ameliazima, ingawa baba hakukumbuka kuazimwa. Watu walitembea wakiangalia mawingu. Kumbe Kimulimuli chenyewe kilikuwa kimeanguka siku ileile ya kurushwa, kwa hesabu za Hamisi, mahali fulani msituni, kopo limepondeka na saa imesimama. Profesa Okito alitukataza kusema hivyo. Alitukataza mambo mengi siku zile, kwa ukali, halafu aligeukia ubao na tukaona mabega yake yanatikisika.

Nilianza kuona aibu, hata hivyo. Kudanganya ekonomu ni kitu kimoja. Lakini wengine walikuwa wanaogopa kweli. Basi Januari, alipokuja shuleni mama mmoja wa Kailo, Mama Joséphine, mnene, vumbi miguuni mpaka magotini, akiuliza wako wapi watoto wa satelaiti, niliamua huyu nitamwambia ukweli. Alikuwa ameibiwa mbuzi wawili, jike na beberu. Alitaka satelaiti itazame Kailo.

“Mama,” nikamwambia, nikimvuta pembeni, “nisamehe. Ile kitu haioni. Haikuona hata siku moja. Ni kopo la maziwa na redio, na limeanguka.”

Mama Joséphine alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa.

“Mimi najua haioni,” akasema. “Kopo litaona na macho gani? Lakini mwizi wangu hajui. Nataka tu muje nyumbani, mukae katikati ya kiwanja, mutazame juu, muandike-andike kwenye karatasi. Nitawapikia kuku.”

Nilimwita Feza, Feza akamwita Abedi. Abedi aliuliza kama tunahitaji kopo lingine, Mama Joséphine akasema linasaidia. Jumamosi tulipanda baiskeli mapema, kopo jipya limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira, na tulipofika Kailo kijiji chote kilikuwa kimekwisha kukusanyika kiwanjani kwake. Feza alitoa daftari. Mimi nilinyoosha waya kuelekea mbinguni. Abedi aliweka sikio kwenye kopo, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeelezwa jambo zito.

“Unasikia nini?” nikamnong'oneza.

“Tumbo langu,” akasema. “Kuku ananukia.”

Na nyuma ya nyumba ya tatu, mtu alianza kufungua kamba ya mbuzi.